Kosa la Zamu ya Kwanza

Kwa miaka minne Gus Hruska, kocha wa timu ya Kambare wa Marlow Bend, hakuwahi kumwita mrushaji wake mkongwe kwa jina jingine ila Babu. Jumapili ile, saa tano asubuhi, akamwita Wendell.

"Wendell," alisema, huku akiangalia mfuko wa mipira badala ya kumwangalia mtu. "Mchezo ukiisha, pitia ofisini."

"Kuna nini, Kocha?"

"Mchezo ukiisha."

Basi. Mtu akishacheza besiboli ya kulipwa miaka kumi na saba, tena ligi za chini huko Iowa na majirani zake, hahitaji kufafanuliwa maneno hayo. Ofisini huitwi kukatiwa keki. Wendell Kostka alikuwa na miaka thelathini na minane, goti moja bovu, na ule mpira wake wa kasi mwaka huu ulikuwa umeishiwa kasi ukabaki mpira tu. Mkewe, Marlys, alikuwa na kaka mwenye ghala la mahindi, na kaka huyo kila Krismasi alimwambia nafasi yake ipo, inamsubiri. Wendell hakuwa na ugomvi na mahindi. Ila alitaka kumaliza msimu. Zilikuwa zimebaki wiki tano, naye alizitaka wiki hizo tano kiasi cha kuona aibu mwenyewe.

Akaenda kufunga viatu.

Wageni siku hiyo walikuwa Wahunzi wa Pruett, watu wazito wenye shingo fupi, nao walikuja na mrushaji wao, Trey Gallimore, ambaye alirusha mpira kana kwamba ulimtukania mama. Saa saba mchana mchezo ukaanza mbele ya watu mia nane na soseji zao.

Zamu ya kwanza tu, mpigaji wa pili wa Wahunzi akaugonga mpira chini kwa chini, ukamwendea Cody Brandvold, mlinzi wa Kambare aliyesimama kati ya kituo cha pili na cha tatu. Mpira wenyewe ungedakwa na bibi kizee mwenye sahani mkononi. Ukamgonga Brandvold kiganjani, ukamgonga kifuani, ukaenda zake. Mpigaji akafika kituo cha kwanza anacheka.

Sasa, jambo kama hilo lina hukumu yake. Juu kwenye kibanda cha mbao anakaa karani wa mchezo, na karani ndiye anayeandika: ama ni pigo, yaani mpigaji kafika kwa uwezo wake, ama ni kosa, yaani mlinzi kaboronga. Karani wa Marlow Bend alikuwa Arlene Tjaden, mwalimu mstaafu wa jiografia. Tangu Mei Arlene hakuwa ameandika kosa hata moja. Watu walisema ni huruma. Haikuwa huruma, ilikuwa mtoto wa jicho. Walinzi aliwaona kama magunia yaliyosimama, na kwa kuwa hakutaka kumwonea mtu, kila kitu alikiandika pigo. Alhamisi daktari akamtoa yule mtoto wa jicho. Jumapili Arlene aliziona nyasi moja moja, na alichokiona kwa Brandvold hakikumpendeza. Akaandika kosa, akapigia mstari.

Wendell hakuyajua hayo, na angeyajuaje? Ubao wa matokeo kule uwanjani ulikuwa na madirisha matatu. La mabao lilifanya kazi. La mapigo lilikwama kwenye nane tangu Juni. La makosa lilijengewa kiota na mbayuwayu, na fundi wa uwanja, mtu mpenda ndege, akakataa katakata kuligusa.

Brandvold akasogea hadi kwenye kichuguu, kile kilima kidogo cha udongo anaposimama mrushaji. Uso ulikuwa umemwiva.

"Samahani, Babu. Ni kosa langu."

"Achana nayo. Lile pigo safi kabisa. Hata mimi ningelikosa."

"Hapana, Babu, nakwambia lile ni kosa—"

"Cody. Rudi ukalinde."

Kijana ana adabu, alijisemea Wendell. Alijua fika kwamba mpira ule ulikuwa wa kudaka; alikuwa amemdanganya ili asivunjike moyo. Alijua pia kwamba Arlene ataandika pigo, maana Arlene haandiki kingine. Wahunzi wakatolewa wengine wawili, watatu wakatimia, zamu ikaisha, naye akalisahau.

Zamu ya pili ikapita, na ya tatu, na ya nne. Gallimore alikuwa akiwachoma Kambare kwa moto wake, mmoja baada ya mwingine wakirudi benchi wakitazama magongo yao kama vile magongo ndiyo yaliyowasaliti. Wendell hakuwa na moto. Alikuwa na mpira wa kupinda unaokuja polepole, kama mgeni anayejua kwamba chakula bado hakijaiva, halafu mbele ya mpigaji unakata kona. Wahunzi walikuwa wakipiga hewa kwa nguvu zote. Mmoja alijizungusha mpaka akaketi. Bila kwa bila.

Ilipoisha zamu ya tano, ndipo benchi lilipobadilika.

Lipo jambo ambalo kila mcheza besiboli analijua tangu utotoni. Mrushaji akifika katikati ya mchezo bila kuruhusu pigo hata moja, haongeleshwi. Haguswi, haulizwi hali, hasogelewi, na lile neno lenyewe, "bila pigo", halitajwi. Ukilitaja tu, mpira unaofuata utagongwa, na utaishi na lawama hiyo mpaka uzikwe. Watu wazima wenye vyeti vya ufundi umeme wanaliamini hilo. Kosa si pigo. Kwa hesabu ya Arlene, Wahunzi hawakuwa na pigo hata moja, na benchi zima lilijua, maana mchezaji wa akiba alikwenda kujisaidia akapita chini ya kibanda cha karani, akauliza, akarudi mdomo kaufunga kwa mkono.

Aliyekuwa hajui ni mmoja tu. Yeye alidhani ameruhusu pigo tangu zamu ya kwanza, kwa hiyo hata haikumpitia akilini.

Alikaa mahali pake pa kila siku, akamnyooshea mkono Teo Marrufo, mdakaji wake, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, rafiki yake wa miaka minne, kuomba mbegu za alizeti. Kila mchezo walikula mfuko mmoja wawili. Marrufo alishika mfuko, akautazama, akanyanyuka, akaenda kukaa mwisho wa benchi.

"Teo. Goti lako vipi leo?"

Marrufo akainua macho angani. Anga lilikuwa jeupe pe, bila hata wingu la dawa.

"Naona kuna mawingu," alisema, bila kumwambia mtu yeyote.

Wendell akaangalia kushoto. Hapakuwa na mtu. Akaangalia kulia. Wa karibu zaidi alikuwa umbali wa hatua sita, naye alikuwa akihesabu vidole vyake. Alipokwenda kwenye pipa la maji, watatu waliokuwa hapo wakatawanyika na vikombe vitupu.

"Kwani ninanuka?"

Akajinusa. Alinuka, ndiyo, lakini si kupita kiasi cha kawaida.

Hapo ndipo alipopata jibu. Wanajua. Wote wanajua kwamba leo ndiyo mwisho wangu. Hruska kawaambia, na sasa hakuna anayetaka kuketi na maiti.

Jamani, mtu kufukuzwa kazi ni jambo moja. Kufukuzwa halafu wenzako wajue kabla yako, wakuhame kama mwenye upele, hilo ni jingine. Wendell alipanda kichuguuni zamu ya sita akiwa na hasira iliyomfanya asisikie goti. Mpira wa kupinda ukapinda zaidi. Akamtoa wa kwanza. Akamtoa wa pili. Wa tatu akabaki na gongo begani, mdomo wazi, akimwuliza mwamuzi kama mpira ulikuwa umepita au bado.

Zamu ya saba akampa mpigaji mmoja kituo cha bure kwa kurusha mipira minne nje ya eneo. Hali hiyo ikitokea, mdakaji huja kichuguuni kumtuliza mrushaji wake, ndiyo kazi yake. Marrufo akaja. Akampa mpira. Akasimama. Akafuta uso kwa mkono, akageuka, akaondoka.

"Umekuja kunyoosha miguu?" Wendell akamfokea kwa nyuma.

Marrufo akaongeza mwendo.

Hata watazamaji walikuwa wamekwisha nyamaza. Watu mia nane, Jumapili, jua kali, bia ipo, na ungesikia mtu akimeza. Hata yule muuza soseji aliyekuwa na sauti ya kuvunja vioo alikuwa akiuza kwa kunong'ona. Wendell akawaangalia. Loo, alijisemea, hata muuza soseji wamemwambia.

Aliporudi benchi akapishana na Hruska. Siku zote zamu ya saba Hruska humwuliza kama mkono bado upo. Leo Hruska alitazama viatu vyake mwenyewe, akajibana ukutani kumpisha, kama mtu anayepisha jeneza.

Zamu ya nane Wahunzi wakatoka watatu kwa watatu. Na ilipofika nafasi ya Kambare, ndipo Gallimore alipochoka kidogo. Kidogo tu, nusu kijiko. Marrufo akapewa kituo cha bure, akasogezwa hadi cha pili na mpigaji aliyefuata, halafu Brandvold, huyohuyo wa kuboronga, akafumba macho na kuugonga mpira. Haukwenda mbali. Ulidondoka mahali ambapo kila mlinzi wa Wahunzi alidhani ni pa mwenzake. Marrufo, mwenye magoti ya mdakaji, akakimbia kama meza inayohamishwa, akateleza, akafika kituo cha nyumbani. Moja bila.

Benchi likalipuka. Halafu wakamwona Wendell, wakanyamaza tena.

Hapo ikamtosha. Ilikuwa imebaki zamu moja, ya tisa na ya mwisho, na hakuwa na cha kupoteza. Akasimama katikati ya benchi, glavu mkononi.

"Sikilizeni nyie. Najua mnachokijua."

Watu ishirini na wawili wakaacha kupumua. Hruska akafunga macho.

"Mnadhani sina akili? Mnadhani sioni? Saa nzima mnanikwepa. Teo, siku ya harusi yako nilisimama upande wako, nimevaa suti ya kukodi inayobana mpaka nikashindwa kula. Leo nakuomba mbegu za alizeti unaniambia habari za mawingu."

Marrufo alikuwa akihangaika na kifungo cha kinga ya mguu. Macho yalikuwa yamemjaa maji. Hakuinua kichwa.

"Haya, nyamazeni. Lakini kwa kuwa leo ni siku ya kusemezana ukweli, Cody, nawe chukua wako. Ule mpira wa zamu ya kwanza nilikudanganya. Lile halikuwa—"

"Babu!" mtu mmoja akapiga kelele, akajiziba mdomo.

"—halikuwa pigo! Lilikuwa kosa! Kosa lako, safi kabisa, hata mtoto angedaka!"

Mchezaji wa akiba akaangusha kikombe. Mmoja akajifunika taulo kichwani. Brandvold alikuwa amesimama wima, mweupe kama chokaa.

"Ndiyo, Babu," akasema kwa sauti ndogo.

"Basi!" akasema Wendell, na akatoka kwenda kumaliza kazi.

Alipanda kichuguuni akiwa mwepesi, mwenye huzuni, na mwenye kiu. Alimwona Marlys jukwaani, safu ya nne, kajishika mdomo kwa mikono miwili. Hata wewe, mke wangu, akawaza.

Mpigaji wa kwanza akaupaisha mpira juu, Marrufo akaudaka nyuma akijigonga kwenye uzio. Wa pili akapiga hewa mara tatu, ya tatu gongo likamponyoka likaenda kuketi na mashabiki. Wa tatu ndiye yuleyule aliyefika kituo cha kwanza mwanzoni akicheka. Sasa hakucheka. Akakosa moja, akakosa mbili. Marrufo akaonyesha kidole kuomba ule wa kupinda. Wendell akaurusha, na kwa kuwa alidhani ni wa mwisho maishani mwake aliuangalia ulivyoondoka, jinsi mtu anavyoangalia gari la mgeni likitoka uani.

Mpigaji akaugusa. Chini kwa chini. Ukamwendea Brandvold.

Uwanja mzima ukainuka bila sauti. Brandvold akainama, magoti yote mawili chini, kama mtu anayesali, akaukumbatia ule mpira kifuani kwa mikono na kidevu, akausimamisha, akaurusha kituo cha kwanza. Mpigaji alikuwa bado na hatua mbili.

Mchezo umekwisha.

Kitu cha kwanza kilichomfikia Wendell kilikuwa kofia ya Marrufo, iliyompiga kidevuni. Kisha Marrufo mwenyewe. Kisha wote. Akajikuta chini ya rundo la watu ishirini, mdomo umejaa udongo, na akafikiri: wananiaga kwa nguvu, hawa.

"Hakuna!" Marrufo alikuwa akimpigia kelele sikioni, akilia na kucheka kwa pamoja. "Hakuna hata pigo moja, Babu! Hata moja!"

"La zamu ya kwanza je?"

"Kosa! Arlene kaandika kosa!"

"Arlene haandiki kosa."

"Katolewa mtoto wa jicho!"

Wendell akalala pale chini akiangalia miguu ya watu. Taratibu, kipande kwa kipande, mchana mzima ukajipanga upya kichwani mwake. Miaka kumi na saba hakuwahi kurusha mchezo wa namna hii, na alikuwa ameumaliza kwa kuwatukana wenzake.

"Kwa hiyo mlikuwa..."

"Ulitaka tuseme nini?"

"Mawingu, Teo? Mawingu?"

"Ndilo lililonijia!"

Akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Alipobebwa juu alimwona Brandvold, akamvuta kwa shati. "Cody, samahani kwa maneno yale."

"Yalikuwa kweli, Babu," Brandvold akasema, na akazidi kulia.

Saa kumi na nusu, bado ana udongo masikioni, alikwenda ofisini. Alikuwa amekwisha jiambia kwamba kama ukimya ulikuwa wa heri, basi na wito nao ni wa heri. Labda Hruska anataka kumpa kazi ya kufundisha warushaji. Aligonga mlango huku akitabasamu.

Hruska alikuwa amekaa nyuma ya meza, bila kofia. Wendell hakuwahi kumwona bila kofia.

"Funga mlango," alisema Hruska.

Tabasamu la Wendell likaondoka lenyewe.

"Karatasi ilisainiwa asubuhi," Hruska akasema. "Mwenye timu kaleta mrushaji kutoka Nebraska, ana miaka ishirini na mmoja. Yuko barabarani sasa hivi, anafika jioni. Nafasi anayoichukua ni yako."

"Mwenye timu umempigia?"

"Nimempigia dakika kumi zilizopita. Nikamwambia ulichofanya. Akaniuliza una miaka mingapi. Nikamwambia. Akasema nikupe hongera."

Ukutani saa ilikuwa ikigonga. Nje watu walikuwa wakiimba jina la Babu.

"Nani mwingine anajua?" Wendell akauliza.

"Hakuna mtu. Ningemwambia nani? Ningeweza kukwambia wewe kabla ya mchezo, nikashindwa. Mimi ni mwoga, Wendell. Tangazo linatoka kesho saa nne."

Wendell akakaa. Ilimuuma. Ilimuuma palepale alipokuwa amejiandaa kuumia tangu asubuhi, na maandalizi yote yale hayakumsaidia chochote. Wiki tano.

"Usiwaambie leo," akasema.

"Siwaambii."

"Na niite Babu. Umenitisha siku nzima."

"Haya, Babu," akasema Hruska, akavaa kofia yake.

Chumba cha kuvalia kilikuwa kimechafuka bia mpaka darini. Watu waliokaa kimya zamu nne sasa walikuwa wakidai kuongea yote kwa mpigo. Kila mmoja alikuwa na hadithi ya jinsi alivyobana pumzi wapi na lini. Wakampa mpira, umeandikwa tarehe, na majina yao wote. Wakamwagia bia kichwani. Alicheka kila palipotakiwa kucheka. Kisha akaketi mbele ya kabati lake na kuanza kukunja mashati, taratibu, moja moja, na kuyatia begini.

Marrufo alikuwa na mfuko wa mbegu za alizeti. Akaja akasimama mbele yake, bado anacheka.

"Eti, Babu. Kocha alitaka nini?"

Wendell akaangalia juu. Juu palikuwa na dari ya mbao, yenye doa la maji na taa moja isiyowaka.

"Naona kuna mawingu," akasema.

Marrufo akaangalia dari. Akaangalia begi, na yale mashati. Kicheko kikamwisha usoni.

"Sogea," akasema.

"Nafasi yote hii?"

"Sogea tu."

Wendell akasogea, na Marrufo akakaa naye bega kwa bega, akauweka mfuko wa mbegu katikati yao. Wakala bila kuongea, huku wengine wakiendelea kuimba.